Baisikeli Moja, Njia ya Msalato

Mwezi uliopita nilikwenda Kondoa kwenye arobaini ya Issa. Nilikaa jamvini katikati ya wajukuu zake, nikala pilau ya watu watatu, maana mimi huzuni imenifunga koo mara moja tu maishani, na dua ilipokwisha kijana mmoja, mwalimu wa shule, akasimama kuwaeleza wageni mimi ni nani. "Mzee Ndahani na marehemu babu walikuwa wanamichezo," alisema. "Zamani za Mdachi walishindana mbio za baisikeli kule Dodoma, na mzee wetu huyu ndiye aliyeshinda." Watu wakanitazama kwa heshima, wengine wakapiga makofi, jambo ambalo sijapata kuliona kwenye arobaini nyingine yoyote. Nami nifanye nini? Nikainua mkono, nikatabasamu kwa meno yangu yote mawili. Lakini nilirudi nyumbani na yale makofi yamenikaa tumboni kama ugali mbichi. Wanamichezo! Kama ule ulikuwa mchezo, basi hata mbuzi anayekimbia kisu ni mwanamichezo. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Kuandika nilijifunza uzeeni, shule ya jioni, nikibanana dawati moja na vijana ambao baba zao niliwabeba mgongoni, na mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba insha zangu zina chumvi ya kuhifadhi ng'ombe mzima. Ni kweli. Msomaji apunguze atakavyo kwenye upepo, kwenye miiba na kwenye vyakula. Habari za Issa azichukue kama zilivyo.

Mwaka wenyewe ni ule wa vita, Mdachi alipokuwa bado ameishika Dodoma na Waingereza hawajafika. Habari za kwetu, nani alimzaa nani, naziruka. Hazikunisaidia kitu mwaka ule. Naanza na chumba. Issa na mimi tulikuwa vibarua wa bohari la reli, na tulipanga kwa Mama Matika, mjane wa Kigogo aliyewapikia vibarua na askari wa boma. Nyumba yake ilikuwa tembe, paa la udongo lililolala chini mno, na Issa, Mrangi mrefu kama nguzo ya simu, aliingia kwa magoti na kutoka kwa magoti, akasema tangu ahamie Ugogo amesujudu kuliko imamu. Upande mmoja wa ukuta walilala mbuzi. Upande wa pili ulikuwa uwanja wa jikoni, ambako askari walikuja kula jioni. Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando siku ng'ombe alipopenda. Sisi tulikula chumbani, kimya, masikio yote ukutani, kwa sababu mambo ya dunia tuliyajua kupitia ukuta ule. Ndivyo tulivyosikia jioni moja askari mmoja akimuuliza mwenzake aliyetoka safari, "Ile mizigo ya kaskazini imefika?" Mwenzake akajibu, "Imefika yote." "Na wapagazi?" Tulisikia mtu akilamba vidole. Halafu yule wa safari akasema, "Mama, mlenda wa leo umekolea." Issa alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha sahanini polepole kana kwamba limemuuma.

Kila treni iliposhusha mizigo ya vita, boma lilihitaji vichwa vya kuibeba kutoka Dodoma kwenda mbele. Walianza na wafungwa, wakaja kwa watu wa vijijini, na mwaka ule wakafika kwa vibarua wa bohari. Walikuwa wanafungwa kamba, wanapangwa mstari mmoja, wanaondoka asubuhi. Mpaka siku zile, waliorudi sikuwaona. Nasema hivi bila chumvi: mimi mwenyewe sikumwona hata mmoja. Sasa pale bomani palikuwa na ofisa mmoja tuliyemwita Bwana Saa, kwa sababu alikuwa na saa ya mfukoni ambayo aliitazama hata akinywa maji, kama vile maji nayo yanaweza kuchelewa. Tarishi wake, aliyekuwa akipeleka barua Kondoa kwa baisikeli, alikufa kwa homa. Nyumbu walikuwa wamechukuliwa na vita. Bwana Saa akaja bohari, akasimama juu ya gunia, akasema kwa Kiswahili chake kilichovaa buti: "Mimi taka mtu moja. Mtu ya baisikeli. Yeye baki hapa. Wengine wote beba mzigo."

Watatu tu ndio tuliojua kukaa juu ya ile baisikeli bila kushikwa: mimi, kwa sababu kazi yangu mojawapo ilikuwa kuifuta vumbi, Issa, kwa sababu aliijaza upepo, na Feruzi, mtu wa pwani, ambaye alisema kwao watoto huzaliwa nayo. Baisikeli ilikuwa moja. Kwa hiyo hatukushindana bega kwa bega kama vijana wa siku hizi siku za sikukuu, wanaosukumana na kutukanana mpaka mwisho. Kila mmoja alikwenda peke yake: kutoka boma mpaka Msalato, kwa askari aliyekaa pale na vijiti vyekundu, upokee kijiti, urudi. Uliyeshindana naye hakuwepo njiani. Alikuwa ndani ya mfuko wa Bwana Saa, anagonga tiki tiki, na hujui kama amekupita au umempita. Nimeishi miaka mingi na nimeogopa vitu vingi, simba, wake wawili, mtihani wa hesabu, lakini sijaogopa kitu kama kushindana na mtu nisiyemwona.

Feruzi alianza. Alikanyaga pedali kwa hasira mpaka mnyororo ukaguna, na kabla hatujammaliza kwa macho akapotea. Alirudi baadaye sana, kwa miguu, anaisukuma, mnyororo umekatika unaburuzwa nyuma kama nyoka aliyekufa. Bwana Saa hakumpigia kelele. Aliifunga saa, akamwonyesha askari kwa kidevu, na jioni ile Feruzi alikuwa kwenye kamba. Fundi wa reli akaunga mnyororo kwa waya, akaapa kwamba utashika siku hiyo moja tu. Issa akaenda. Naye alikwenda kama nyumba inaungua nyuma yake, na Msalato alifika, nadhani, haraka kuliko ndege. Lakini kurudi nguvu zilimwishia, akaanguka, akatapika, akaja akitembea na kuegemea usukani kama mlevi anayesindikizwa na rafiki. Nikaja mimi. Mimi nilikuwa na nguvu, njia niliijua, miiba niliijua kila mmoja kwa jina. Jambo lililoniangusha ni kwamba mimi ni Mgogo.

Asiye wa kwetu itabidi nimweleze. Kwetu mtu hampiti mzee njiani akiwa juu ya kitu. Unashuka. Unasema "Mbukwa," unangoja ajibu, mnaulizana ya kulala, ya nyumbani, ya ng'ombe, ya watoto, ya mvua, na mzee ndiye anayeimaliza salamu, si wewe. Siku ile, sijui kwa nini, wazee wote wa Ugogo walikuwa njia ya Msalato. Wa kwanza nilijaribu kumpita. Nilipiga kengele, nikainamisha kichwa, nikasema "Mbukwa" huku magurudumu yanazunguka. Akasimama katikati ya njia na fimbo yake. "Wewe! Mtoto wa nani unanisalimia kutoka mbinguni?" Miguu yangu ilishuka yenyewe, haikuniuliza. Nilishuka kwa huyo, nikashuka kwa aliyefuata, nikashuka kwa wawili waliokaa pembeni wanasokota kamba, na mmoja wao alikuwa na ng'ombe mgonjwa, akanieleza ugonjwa wote toka mwanzo. Niliporudi boma, jasho halikuwepo kabisa. Bwana Saa alikuwa mwekundu kama kijiti nilichomletea.

"Wewe lala njiani?"

"Hapana, bwana. Nilikuwa nasalimia."

"Salimia nani?"

"Wazee, bwana."

"Mzee gani?"

"Wote, bwana."

Askari walicheka mpaka mmoja akaangusha bunduki. Bwana Saa hakucheka, ila alituangalia Issa na mimi kwa muda mrefu, akaona kwamba mmoja ana mbio bila pumzi na mwingine ana pumzi bila akili. Mnyororo mpya ungekuja na treni. Ukifika, akasema, tutajizoeza, kila mtu zamu yake jioni, mpaka kisimani na kurudi. Na uwele ukishavunwa atatupima tena, safari hii Msalato mara mbili mfululizo, maana Kondoa haifikiwi kwa mbio za kuku. Mmoja atabaki, mmoja atabeba. Kisha akaondoka akiitazama saa yake.

Jioni ile tulilala chali chumbani, mbuzi wanacheua ng'ambo ya ukuta. Issa akasema, "Ndahani, ukishinda nitakuloga."

"Warangi mnajua kuloga?"

"Tunajifunza haraka tukiwa na sababu." Halafu sauti yake ikabadilika. "Feruzi ameacha sufuria yake huku jikoni. Mama Matika anauliza amtunzie au ampe mtu." Niliisikia miguu yake ikisugua mkeka, inakanyaga pedali ambazo hazikuwepo.

Msimu ule wote tuliishi mtu na mwenzake kama wachumba waliogombana: tunakula sahani moja, tunapeana maji ya kunawa, na kila mmoja anaupima mguu wa mwenzake kwa jicho la pembeni. Watu husema tabu huwaunganisha watu. Yetu ilituunganisha, ndiyo, kama kamba inavyowaunganisha mbuzi wawili. Siku ya zamu yangu nilikwenda kisimani kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu, maana nilijiambia kosa langu lilikuwa salamu na sasa ni mbio tu. Nilirudi nimekauka ulimi, nikaingia uani kwa Mama Matika nikajibwaga karibu na jiwe lake la kusagia. Alikuwa anasaga uwele. Aliacha kusaga.

"Umeingia kwa nani?" aliuliza.

Nilifungua mdomo. Ulitoka upepo tu.

"Nakuuliza, umeingia kwa nani? Kwa mbuzi? Hata mbuzi wangu wakirudi wanasema mee. Toka nje uingie upya."

"Ma... mama..."

"Toka!"

Nikatoka, nikaingia, nikasema "Mbukwa," nikafika kwenye habari za nyumbani, nikakatika. Akanitoa tena. Mara ya tatu nilifika kwenye ng'ombe. Chakula nilikipata nilipoimaliza mvua, na kilikuwa kimepoa. Issa, kesho yake, alisema "Salama aleko, mama" kwa pumzi moja fupi akapita. Yeye Mama Matika alimwacha, kwa sababu alimhesabu mgeni asiyejua adabu, na kwa mgeni asiyejua adabu huwezi kutegemea kitu. Mimi sikuachwa. Kila zamu yangu alinisubiri mlangoni na mwiko, na hakuna ugali mpaka salamu iishe, tena iishe kwa sauti ya mtu, si ya mvukuto wa mhunzi. Alikuwa amekasirika tu, mwanamke wa watu. Baisikeli hakuijali hata kidogo, aliiita lile punda la chuma. Mimi nami sikutaka kujifunza lolote, nilitaka ugali ungali na moto. Kwa hiyo nikaanza kupunguza njiani. Nikitoka kisimani najisemea salamu yote kwa sauti, nikiwa juu ya tandiko, ya kulala, ya nyumbani, ya ng'ombe. Sauti ikikatika, napunguza kukanyaga. Ikitoka nzima, naongeza kidogo. Na siku moja yule fundi wa reli aliyetuungia mnyororo, ambaye alikuwa anatutazama jioni zote kwa kukosa kazi nyingine, akaniita. "Wewe Mgogo, siku hizi unakwenda kama bibi harusi," akasema, "halafu kivuli cha mti ule hakijafika kwenye ukuta wa bohari umesharudi. Mwenzako anatoka kama bunduki, kivuli kinagusa ukuta bado yuko njiani. Mnafanyaje?"

Nilisimama pale nikajisikia baridi katikati ya jua. Maana nilielewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba nimeupata mwendo, na kwamba Issa hajaupata.

Nilimwambia. Jioni ileile, kabla hatujanawa, nilimwambia kila kitu, salamu, sauti, kupunguza. Nilimwambia nikijua ninachompa. Issa alinisikiliza huku anatoa mwiba kwenye kisigino. "Yaani nikimbie polepole," alisema.

"Ukimbie kwa sauti nzima."

"Ndahani, ndugu yangu. Wewe umewahi kufukuzwa na faru ukaenda kwa sauti nzima?"

"Hakuna faru."

"Yupo," akasema, akajigusa kifua. "Nikikaa juu ya ile baisikeli namsikia. Nikisema nipunguze, ananiingiza pembe hapa. Wewe unaweza kwa sababu ulifundishwa na njaa ya jioni moja. Mimi nikikaa pale nawaona waliokwenda na Feruzi." Alijaribu hata hivyo. Zamu mbili tatu alijaribu. Nilimwona akitoka kwa utaratibu, midomo inacheza, anasoma sura zake za Kurani badala ya salamu zetu, na kabla ya mti wa kwanza ule utaratibu ulimtoka, akainuka juu ya pedali, akaondoka kama mtu aliyeitwa na msiba. Nimefikiri sana habari hii katika uzee wangu. Vijana huniuliza siri ya kwenda mbali, nami huwaambia ni pumzi, nao huandika pumzi. Lakini si pumzi peke yake. Ni kuweza kukaa na woga wako juu ya tandiko moja usiuachie usukani, na hilo halifundishiki kwa maneno, la sivyo ningekuwa nimemfundisha Issa.

Uwele ukavunwa. Siku ya kupimwa Mama Matika alitupikia uji mzito, akatia maziwa, akasimama mlangoni kama anayesindikiza maharusi wawili kwa bwana mmoja. Tulipofika boma palikuwa na mstari wa watu tayari wameketi chini ukutani, kamba inapita kiunoni kwa kila mmoja, na mwishoni mwa ile kamba palikuwa na kipande kilichobaki, kimewekwa tayari. Hatukuhitaji kuambiwa ni cha mmoja wetu. Bwana Saa akashika majani mawili, Issa akavuta refu, akaanza.

Upepo wa Dodoma unatoka upande wa kusini na mashariki, na ukiamua kuvuma unaweza kumnyoa mtu ndevu na kumpelekea jirani. Asubuhi ile ulikuwa umeamua. Kwenda Msalato unakusukuma mgongoni, unajiona una miguu ya pundamilia. Kurudi unakungoja kama mdai. Issa alitoka na ule upepo nyuma yake, na mvumo wa magurudumu niliusikia hata alipokwisha kupotea. Aliporudi mara ya kwanza alikuwa bado anakwenda, ameinama, meno nje. Akageuza. Aliporudi mara ya pili, alikuja juu ya baisikeli, hakuanguka, hakusukuma. Alikuja amelala juu ya usukani, anakanyaga, anasimama, anakanyaga. Bwana Saa alitazama saa. Issa alikwenda akaketi kivulini karibu na watu wa kamba. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alinitazama, akajaribu kunichekea, ikashindikana.

Nikapanda. Nikaanza salamu. Ya kulala, ya nyumbani. Upepo ulinisukuma nikaukatalia mbio, nikauacha unisukume bila mimi kuongeza. Wachungaji waliokuwa karibu na njia walinizomea: "Wee! Umepeleka posa?" Wazee walikuwepo pia, bila shaka walikuwepo, lini hawakuwepo? Ila sasa nilikuwa na namna yangu. Nikimwona mzee kwa mbali naanza kumsalimia nikiwa bado mbali, kwa sauti kubwa; nikimkaribia nashuka na kukimbia ubavuni mwa baisikeli nimeishika usukani, namaliza ng'ombe na watoto nikiwa chini kama mtu mwenye adabu; nikimpita hatua chache, ya mvua naisema huku naruka tandikoni. Miguu inayokimbia si ile inayokanyaga, kwa hiyo kila mzee alikuwa pumziko. Mmoja alinishangaa akasema, "Mtoto huyu amelelewa, lakini ana haraka." Nikapokea kijiti Msalato, nikarudi na upepo usoni, nikageuza boma, nikaenda tena. Na hapo, mara ya pili, yule askari wa vijiti aliniharibia roho. Alinipa kijiti huku anatikisa kichwa. "Kwa mwenzako, toka kijiti cha kwanza mpaka cha pili, kivuli cha mti huu kilisogea hatua mbili tu," akasema. "Kwako kimesogea tatu. Ndugu, urudi taratibu tu, usijichoshe. Utachoka vya kutosha huko mbele."

Hapa sitii chumvi. Niligeuza baisikeli na faru wa Issa alikuwa amenikalia mimi. Niliona kile kipande cha kamba. Niliinuka juu ya pedali, nikakanyaga, nikakanyaga, upepo ukanipiga kifuani kama mlango, macho yakajaa mchanga, na masikioni nasikia tiki tiki ingawa saa ilikuwa bomani. Sijui nilikwenda hivyo kwa muda gani. Mbele yangu akatokea mwanamke mtu mzima na mzigo wa kuni kichwani. Nikafungua mdomo kusalimia, na mdomo ukatoa upepo tu. Nikashuka. Nilisimama kabisa mbele ya mama yule, saa ya Mdachi inaendelea, nikaegemea usukani, nikamsalimia toka mwanzo mpaka mvua. Alijibu yote, bila haraka, kuni zimetulia kichwani. Nilipopanda tena sauti ilikuwa imerudi. Issa alikuwa ameshanipita, kwa maneno ya askari, na njia nzima iliyobaki ilikuwa ya upepo. Na njia ile ya upepo ndiyo iliyomla Issa. Mimi nilikwenda nayo neno kwa neno. Nilipoliona paa la boma miguu yangu ilikuwa bado yangu, na hapo ndipo nilipoiachia yote.

Bwana Saa alitazama saa, akaigonga kwa kucha, akaitazama tena. Kisha akanyoosha kidole kwangu. "Wewe," akasema. "Shinda kidogo tu."

Issa alisimama kabla hajaitwa. Alivua kofia yake, akaja akanivika mimi. "Jua la Kondoa kali," akasema, "na kichwa chako kidogo, itakufikia mpaka mabegani." Akaenda mwenyewe mwisho wa mstari, akainua mikono ili askari amfunge vizuri. Jioni Mama Matika alipakua sahani yetu ileile ya wawili. Aliiweka mbele yangu, akaona alichofanya, wala hakuirudisha jikoni. Nililiangalia lile rundo la ugali, mimi ninayejulikana mpaka Chamwino kwa kula, nikashindwa hata nusu yangu.

Wapagazi waliondoka kwa njia ya kaskazini, na kesho yake nikapewa mfuko wa barua wa kwanza, njia ileile. Nikawakuta baada ya Msalato. Kwanza niliona vumbi, halafu mizigo, halafu vichwa chini ya mizigo. Wa mbele walikuwa wanakwenda karibu na kukimbia, kama wanadhani woga uko Dodoma wanauacha, na kamba inawavuta wa nyuma, na wa nyuma wanayumba. Issa alikuwa wa mwisho. Shingo lake refu lilikuwa limeingia ndani ya mabega. Nilipaswa kupita, kengele nilikuwa nayo, askari aliyewasindikiza alinipungia nipite. Nilipunguza badala yake. Nilipunguza mpaka nikawa sambamba na Issa, hatua yake na gurudumu langu, na yeyote aliyewahi kupanda baisikeli anajua hakuna mwendo mgumu kuufuata kama ule wa mtu mwenye mzigo. Usukani unacheza kushoto kulia, huna cha kushikia.

"Pita," Issa akasema, bila kugeuza kichwa.

"Usiwafuate wa mbele. Wana faru."

"Nimefungwa nao."

"Mwambie aliye mbele yako azuie hatua, naye amwambie wa mbele yake. Kamba inavuta pande zote mbili."

Hatua chache baadaye nikamsikia akimwambia yule wa mbele yake jambo kwa sauti ya chini, na yule akanung'unika, na kamba ikakazika. Mstari ukapepesuka. Mbele mtu akatukana. Kisha, kidogo sana, kama ng'ombe wanavyopunguza wakisikia harufu ya maji, mwendo ukashuka, nami nikalazimika kushuka nao, polepole kuliko nilivyowahi kwenda maishani, gurudumu la mbele limesimama kabisa, nimekaa juu ya tandiko kama kuku juu ya kamba ya nguo, naapa nilikaa hivyo mpaka jua likasogea. Halafu nikaanguka. Nilianguka upande wa miiba, na kofia, na mfuko wa Mdachi, na kengele ikalia yenyewe.

Wa kwanza kucheka alikuwa askari. Halafu yule mtu wa mbele ya Issa, halafu mstari mzima, watu waliofungwa, mizigo inatikisika vichwani, wanamcheka tarishi wa boma aliyeshindwa kupanda kitu kilichosimama. Na Issa alicheka kuliko wote. Alicheka akiwa anatembea, shingo lake likatoka mabegani, akacheka kwa sauti nzima, ya chini, ya tumboni, sauti ya mtu ambaye pumzi yake anayo. Sikuinuka mara moja. Nilibaki palepale mavumbini nimeshika mfuko wa barua, nikamsikiliza akienda.